Mraba Uliobaki Mtupu

Mwaka 2019, nikiwa katika mwaka wangu wa pili wa kulifanyia kazi shirika moja lisilotafuta faida, ambalo kazi yake ni kuzisaidia nchi za visiwa kuipanga na kuitunza bahari yao, nilitumwa pamoja na wenzangu wawili kwenye kisiwa ambacho sitakitaja jina. Silifichi jina hilo kwa ajili ya shirika, ambalo katika habari hii halina la kuonea haya isipokuwa haraka yake. Ninalificha kwa sababu nilimwahidi mtu.

Anayetaka kuielewa kazi yetu aanze na hesabu ya nchi kavu na maji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 uliipa kila nchi ya pwani haki juu ya samaki na mali nyingine za baharini hadi maili 200 za baharini kutoka ufukweni, na kwa sababu hiyo nchi ndogo za visiwa zilijikuta zimekabidhiwa bahari kubwa ajabu. Shelisheli, kwa mfano, ina nchi kavu isiyofika kilomita za mraba 500, ilhali bahari yake inazidi kilomita za mraba milioni 1.3. Nchi kama hiyo huwa na idara ya uvuvi yenye watumishi wachache, boti za doria za kuhesabika, na viongozi ambao wameahidi mbele ya ulimwengu kutenga asilimia fulani ya maji yao. Hapo ndipo mashirika kama letu huingia, yakiwa na wataalamu, kompyuta na fedha za wafadhili, na mara nyingi yakiwa na tarehe ya mwisho iliyopangwa na watu ambao hawajawahi kulowa maji ya huko.

Tulifika na ramani ya bahari iliyochapishwa kwenye karatasi ndefu kama kitanda, imegawanywa kwa miraba. Utaratibu ulikuwa rahisi: kila mvuvi alipewa punje 100 za maharage, akaombwa azigawe juu ya miraba kwa kadiri anavyoitegemea, penye riziki nyingi punje nyingi, pasipo na riziki pabaki patupu. Sisi tulihesabu, tukaandika, tukaziingiza takwimu kwenye kompyuta. Programu tuliyoitumia iitwayo Marxan, iliyotengenezwa na watafiti wa Australia na kutumiwa katika nchi nyingi, ina kazi moja: kutafuta miraba itakayotimiza lengo la uhifadhi kwa hasara ndogo kabisa kwa watumiaji wa bahari. Kwa lugha nyepesi, programu hiyo hukwepa punje na kukimbilia patupu.

Wavuvi zaidi ya 30 walikuja siku ya kwanza. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja ambaye wenzake walimpisha kiti bila kuambiwa. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa na mfereji uliochimbwa na mshipi wa kuvulia kwa miaka mingi, wa kina cha kuweza kulaza uzi ndani yake usionekane. Alizihesabu punje zake polepole, akazipanga karibu zote mbele ya bandari, kwenye miraba ileile ambayo kila mtu alikuwa ameijaza. Punje moja ilimponyoka, ikabiringika hadi kona ya kaskazini mashariki, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa ameweka chochote. Aliiokota upesi, akaipuliza vumbi lisilokuwapo, akairudisha bandarini. Niliuona upesi ule. Sikuuandika, kwa sababu katika fomu zetu hapakuwa na mahali pa kuandika upesi.

Baada ya wiki tatu tulirudi na rasimu. Kompyuta ilikuwa imeipaka rangi nyekundu kona nzima ya kaskazini mashariki, ifungwe daima kwa uvuvi wa kila aina, na sisi tulifurahi kweli, kwa maana lengo la kutenga asilimia 30 ya maji lilikuwa limefikiwa kwa hasara ambayo kwenye jedwali letu ilikaribia sifuri. Nilisimama mbele ya mkutano nikatoa mifano ya wengine: jinsi kisiwa cha Barbuda, katika bahari ya Karibi, mwaka 2014 kilivyotenga theluthi ya maji yake ya pwani na kupiga marufuku uvuvi wa pono, kwa kuwa pono ndiye anayekula mwani unaoyasonga matumbawe, jinsi Shelisheli mwaka 2016 ilivyopata nafuu ya deni la zaidi ya dola milioni 21 kwa ahadi ya kuilinda bahari yake, jinsi Palau, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ilivyopitisha sheria ya kufunga asilimia 80 ya bahari yake kuanzia tarehe 1 Januari 2020, miezi michache tu mbele yetu. Nilipomaliza niliuliza kama kuna pingamizi. Ukumbi ulikuwa kimya. Katika kumbukumbu za kikao nikaandika kwamba hapakuwa na pingamizi, na hadi leo sentensi hiyo ndiyo ninayoijutia kuliko yote niliyoyaandika katika utumishi wangu.

Jioni ile mzee alikuja tulipofikia, akifuatana na kijana wa idara ya uvuvi aliyekuwa mkalimani wetu. Hakukubali kiti.

"Mwanangu," alisema, "ile rangi nyekundu mmeitoa wapi?"

Nilimweleza habari za punje na kompyuta. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mashine ile inaweza kutofautisha mahali pasipo na samaki na mahali ambapo watu hawakutaka kupasema. Nilijibu kwamba haiwezi. Akaniambia nijiandae alfajiri, niende peke yangu na mkalimani, na wenzangu wasijue.

Kabla hatujasukuma chombo alinyosha mkono akaomba simu yangu na kile kifaa cha GPS nilichokuwa nimekivaa kifuani kama hirizi. Alivitia vyote kwenye ndoo ya plastiki, akaifunga kwa mfuniko, akaikalia. Kisha akaniamuru nikae nikiitazama omo, mbele ya chombo, mgongo wangu ukiielekea nchi kavu. Nilielewa kwa nini. Wavuvi wa aina yake huukuta mvuo, yaani mahali pao pa kuvulia, kwa kulinganisha alama za nchi, kilele na mti, mwamba na paa, na palipokutana mistari miwili ndipo penyewe. Aliyeziona alama ameuona mvuo. Tulikwenda kwa muda ambao siwezi kuukadiria. Jambo jingine nililoliona ni kwamba ndani ya chombo hamkuwa na mshipi, wala ndoana, wala chambo.

Ilikuwa imebaki siku tatu mwezi utimie. Mzee alinipa miwani ya kuzamia, nikatia uso majini. Mwanzoni niliona buluu tupu, baadaye ukingo wa mwamba unaoteremka gizani, na kwenye ukingo huo, kama mawe yaliyoamua kutembea, chewa. Nilijaribu kuhesabu nikafika 60, nikapoteza hesabu, kwa maana nyuma ya hao walikuwapo wengine na chini yao wengine. Matumbo ya baadhi yalikuwa yametuna kwa mayai. Wengine walikuwa wamebadilika rangi, wamepauka ubavuni na kuiva usoni, wakifukuzana na kuumana bila kujali kivuli cha chombo juu yao. Chewa huishi kila mmoja peke yake kwenye pango lake karibu mwaka mzima. Ni katika siku chache hizi tu, kwenye mahali palepale pa miaka yote, ndipo wanapotoka mbali kukutana na kutaga. Nilikuwa nimeyasoma hayo vitabuni kwa miaka mingi.

Nilipoinua kichwa mzee alikuwa akitazama maji upande mwingine. Alisema kwamba baba yake alimfundisha kutotia mshipi pale katika miezi ya kutaga, tangu siku ya nne kabla ya mwezi kutimia hadi utakapoanza kupungua; nyakati nyingine za mwaka yeye na watu wengine sita huvua hapo kwa mshipi wa mkono, na ndipo penye sehemu kubwa ya riziki yao. Mmoja wa hao sita, kumbe, alikuwa mkalimani wetu, ambaye muda wote alimwita mzee "mjomba" na mimi nikadhani ni heshima tu ya kijijini. Kijana yule alikuwa ametafsiri mkutano mzima, neno kwa neno, bila kufumba jicho, huku akijua ramani yetu ni ya uongo.

Nilimsimulia mzee habari za Little Cayman, katika bahari ya Karibi, ambako mwaka 2001 wavuvi waligundua mkusanyiko wa chewa wapatao 7,000. Katika misimu miwili walitoa kiasi cha 4,000, na mwaka 2003 serikali ikalazimika kupiga marufuku uvuvi pale.

"Basi unajua kwa nini nilikudanganya," alisema.

Sikuwa na jibu. Tungeipitisha rasimu kama ilivyokuwa, familia saba zingenyang'anywa mvuo wao bila mtu yeyote kujua kwamba zimenyang'anywa. Na tungeiandika kona ile kwenye ripoti kwamba ina samaki wengi, kila mwenye injini kubwa angejua pa kwenda usiku ambao boti ya doria imekwama bandarini kwa kukosa mafuta. Siri ya watu saba ilikuwa imewalinda chewa wale vizuri kuliko ambavyo sheria yetu ingeweza kwa mwaka wake wa kwanza, ingawa siri nayo ina udhaifu wake, na mzee aliujua: kati ya vijana wake wawili, mmoja alikuwa amekwisha kununua mashine ya sonari, inayotafuta samaki kwa mwangwi.

Kwa hiyo tulikubaliana, hapohapo majini. Eneo litachorwa kubwa, la mistari iliyonyooka, kubwa mara nyingi kuliko mvuo wenyewe, ili anayeitazama ramani asijue ndani yake pana nini. Litafungwa kwa kila mtu katika miezi ya kutaga. Nyavu na mitego ya dema zitakatazwa mwaka mzima, ila miezi mingine mshipi wa mkono utaruhusiwa. Nami sitaandika popote nilichokiona.

Mwenzangu aliyekuwa mchoraji wa ramani alikasirika, na sikuweza kumlaumu. Alitaka nukta za mahali, akaniuliza tutajuaje baada ya miaka mitano kama chewa wameongezeka au wamekwisha ikiwa hatujui pa kuwatafuta. Swali lake lilikuwa la haki. Nilimwambia watahesabiwa na mzee na mpwa wake, naye akanitazama kama mtu aliyeambiwa benki itakaguliwa na mwenye deni. Asilimia 30 iliporomoka pia, kwa kuwa eneo linalofungwa kwa msimu halikuhesabiwa kama lililofungwa daima, na makao makuu yakalazimika kuijazia pengo mbali kabisa, kwenye maji ya kina ambako hakuna mtu wa kisiwa kile aliyewahi kufika. Asilimia za namna hiyo hupatikana kwa urahisi, na nimekwisha kuziona zikipigiwa makofi mara nyingi.

Katika ziara ya mwisho ilibidi zoezi la punje lirudiwe, maana rasimu mpya ilihitaji takwimu mpya. Watu walikuja wengi zaidi, na safari hii walibishana kwa sauti. Mzee alisubiri hadi wote walipomaliza. Aliinamia karatasi, akapanga punje 99 mbele ya bandari, akabaki na moja kati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya ule mfereji wa mshipi. Akaipeleka polepole hadi kaskazini mashariki, akaiweka kwenye mraba wa jirani na kona ile, kisha akaninyanyulia macho.

Nikaandika: moja.