Maabara ya usumaku wa miamba: chumba kwanza, magnetomita baadaye

Fedha zilipoidhinishwa, idara nzima ilitaka tuagize magnetomita, mashine ya kupima usumaku, wiki hiyohiyo. Mimi niling'ang'ania chumba. Usumaku uliolala ndani ya mwamba ni hafifu mno. Ukiupima jirani na nondo, lifti au maegesho ya magari, umepima jengo.

Kutafuta chumba hakukuhitaji bajeti. Simu nyingi zina kihisi cha sumaku cha kuendeshea dira, na zipo programu za bure zinazoonyesha kinachosoma. Nilizunguka nayo jengo kwa jengo. Kwetu Tanzania uga wa dunia, yaani nguvu yake ya sumaku, ni maikrotesla 33 hivi. Kwenye nguzo za zege namba zilirukaruka. Kwenye stoo kuukuu ya matofali, mwisho kabisa wa uwanja, zikatulia. Tukaiomba. Seremala akaunda meza kwa mbao na gundi tupu, bawaba tukafunga za shaba, viti vya chuma tukavipiga marufuku. Mhudumu mmoja aliuliza kama ni masharti ya mganga.

Kilichoniumiza kichwa ni tanuri. Basalti huhifadhi mwelekeo wa uga wa siku lava ilipopoa, lakini juu yake hujipaka usumaku wa baadaye. Kuuondoa, tunapasha sampuli moto hatua kwa hatua: magnetaiti, madini ya chuma, huishiwa usumaku kabisa kwenye nyuzi 580 za Selsiasi, na hematiti, madini mengine ya chuma, karibu na 680. Hatari iko kwenye kupoa. Sampuli ikipoa ndani ya uga wa leo, inabeba usumaku mpya.

Wenzangu walipendelea koili za waya wa umeme za kufuta uga, kwa kuwa ni rahisi kujitengenezea. Hesabu iliwaunga mkono: jozi ya koili zenye nusu kipenyo cha sentimita 60 na mizunguko 40 kila moja, ukizipa zaidi kidogo ya nusu ampea, inafuta maikrotesla 33. Sawa, lakini umeme ukikatika sampuli zikiwa nyuzi 400? Uga unarudi papo hapo, na sampuli imeharibika. Hakuna wa kukurudishia. Nikapigania ngao za mumetali, aloi ya nikeli na chuma, ambazo hazijui mgawo wa umeme. Bei yake inauma, tena zikigongwa hupungua uwezo, ndiyo maana nilipanda lori pamoja nazo kutoka bandarini.

Kamati ilipouliza faida, niliwakumbusha Olduvai. Kipindi cha miaka takriban milioni 1.9 iliyopita, uga ulipoelekea kama wa leo katikati ya enzi ambayo ulikuwa umepinduka, dunia nzima inakiita kwa jina la bonde letu, nasi bado tulikuwa tukipeleka mawe ng'ambo kupimwa. Hoja hiyo ilipita haraka kuliko fizikia yote.

Magnetomita ilikuja mwisho, ile ya kuzungusha sampuli. Zilizo nyeti zaidi hutaka ubaridi wa karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, saa zote. Hii yetu ikizimika katikati ya kipimo, unasubiri umeme, unapima upya.