Ramani Ilikwisha Kuchorwa
Wiki hii nilihudhuria, nikiwa mmoja wa wakimbizi wa ndani, kikao kilichoitishwa ili tutoe maoni kuhusu makazi tutakayojengewa. Ila ramani ilikwisha kuchorwa, na kilichobaki kwetu kilikuwa kutia saini karatasi ya mahudhurio, ambayo nashuku ndiyo itakayohesabiwa kuwa ridhaa yetu. Mama mmoja aliuliza hati ya nyumba itaandikwa jina la nani iwapo mume hajulikani alipo, na mwingine akaonyesha kwa kidole kwamba vyoo vimewekwa ng'ambo ya barabara, mahali ambapo mtoto hawezi kwenda usiku. Mchoraji aliye ofisini angeyajuaje hayo?

Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani zinataka waliohamishwa washirikishwe kikamilifu katika kupanga kurejea kwao, na Mkataba wa Kampala wa 2009, ambao ni wa Umoja wa Afrika kuhusu wakimbizi hao hao, unataka wachague kwa hiari, wakiwa na taarifa, kati ya kurudi, kubaki walipo au kuhamia kwingine. Sisi tuliulizwa tarehe ya kurudi tu, tena kwa kunyoosha mikono. Tumeomba kikao kingine kabla mkandarasi hajapewa kazi, na michoro tuipate mapema.