Nilivyofaulu kuhesabu miale ya anga za mbali nikiwa Majengo, Mombasa

Miezi miwili kisanduku changu kilinidanganya. Ndani kina kibao cha plastiki ya sintileta, sentimita 5 kwa 5. Chembe yenye chaji ikikipenya, hutoa mmweko wa buluu, na chipu ya silikoni huugeuza kuwa mpigo wa umeme. Nilizitafuta muoni, chembe zinazozaliwa miale ya anga, yaani chembe za kasi kutoka anga za mbali, inapogonga hewa huko juu. Usawa wa bahari hupita kama moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika, kwa hiyo nilitarajia 25 hivi. Kaunta ikasoma maelfu.

Usiku mmoja umeme ulikatika mtaani, na kaunta, iliyotumia betri, ikashuka ghafla. Kumbe mwanga ulikuwa ukivuja! Nikapitisha tochi ya simu polepole juu ya kila mshono wa foili na tepu. Pale waya unapotokea, hesabu ikapaa. Mama akaingia chumbani, akatoka na buibui lake kuukuu. "Lizungushe hili, mwanangu." Nikalikunja mara nne, nikalifunga.

Bado mamia. Hapo tatizo lilikuwa joto letu: chipu hizo zikipata moto hutoa mipigo zenyewe, hata gizani. Mchana ilikuwa mbaya kuliko alfajiri. Fundi wa redio wa Makupa alinisikiliza, akasema, "Ndugu yangu, shahidi mmoja hatoshi." Nikaweka kibao cha pili sentimita 5 chini ya cha kwanza, na saketi ikahesabu pale tu vyote viwili vilipopiga pamoja. Kelele za chipu hazina miadi. Muoni hupita vyote karibu na kasi ya mwanga. Kaunta ikatulia kwenye saba, nane kwa dakika, mchana na usiku. Nilipokilaza kisanduku ubavu, ikashuka sana, maana muoni za mshazari zina hewa nyingi zaidi ya kuvuka. Hapo nikaamini.

Setilaiti ya SAS-2, iliyorushwa mwezi Novemba 1972 kutoka jukwaa la San Marco, hapa hapa pwani yetu karibu na Malindi, ilifunikwa kuba la plastiki ya sintileta kwa kazi iliyo kinyume. Ilitafuta miale ya gama, mwanga wa nishati kubwa mno usio na chaji; kuba likimweka, ilikuwa chembe yenye chaji, na tukio lilitupwa.

Nataka kuijaribu mbinu hiyo. Kibao cha tatu nimeshaagiza, na mama ameuliza kama kitambaa kitatosha.