Nilivyoutengeneza mtambo wangu wa hewa ukaa wa hamira na sukari

Kwa miezi minne tangi langu la samaki la lita 54, lililopo sebuleni kwangu hapa Dar es Salaam, lilinivunja moyo. Mimea ilisimama bila kukua, majani ya chini yalitoboka na kuyeyuka, na mwani mweusi unaofanana na ndevu ukashika kingo za yale yaliyosalia. Mtambo wa hewa ukaa, gesi ambayo mimea huihitaji ili ikue, nilikuwa nao tayari, ule wa chupa ya soda ya lita 2 yenye hamira na sukari, kwa sababu mtungi wa gesi pamoja na kidhibiti chake ulikuwa nje ya uwezo wangu. Tatizo ni kwamba viputo vilitoka kwa kasi siku mbili za mwanzo, vikapungua siku ya tatu, na ya nne vikakoma kabisa.

Kila vilipokoma, niliulaumu mchanganyiko. Niliongeza hamira kutoka nusu kijiko cha chai hadi kijiko kizima cha chakula, nikaongeza sukari hadi gramu 400, na matokeo yakazidi kuwa mabaya. Nilichelewa sana kujiuliza swali jepesi zaidi: je, hewa inayotengenezwa ndani ya chupa inafika kwenye maji?

Jibu nililipata kwa maji ya sabuni. Nilichukua brashi ndogo, nikapaka povu kwenye kifuniko na kwenye kila kiungo, kisha nikaubana mrija kwa vidole kwa muda mfupi ili shinikizo lipande. Povu likaanza kuvimba pale pale mrija ulipoingilia kwenye kifuniko. Tundu hilo nilikuwa nimelitoboa kwa msumari wa moto na kuliziba kwa gundi ya silikoni, ile inayounganisha vioo vya matangi. Gundi hiyo hushika kioo vizuri sana, lakini kwenye plastiki laini ya vifuniko vya soda haishiki. Nilipoivuta kwa kucha ilibanduka yote kama ngozi. Nilimpelekea kifuniko fundi seremala wa mtaani kwetu, mzee ambaye amenisaidia mengi, naye akakigeuzageuza na kuniambia, "Mwanangu, msumari wa moto hautoboi plastiki, unaiyeyusha. Tundu lako si duara." Akatoboa kifuniko kipya kwa keekee nyembamba kidogo kuliko mrija. Nilikata ncha ya mrija mshazari, nikaipenyeza, nikaivuta kwa koleo kutoka upande wa pili hadi mrija ukakaza wenyewe. Tangu siku hiyo sijatumia gundi yoyote mahali hapo, na sabuni haijaonyesha povu.

Mrija wenyewe niliubadilisha pia. Ule wa silikoni niliokuwa nao ni laini na unapendeza, lakini silikoni hupitisha hewa ukaa kwenye kuta zake, na wangu ulikuwa mrefu zaidi ya mita moja. Nilinunua seti ya dripu kwenye duka la dawa. Mrija wake wa plastiki unahifadhi hewa vizuri zaidi, na kile chumba chake cha matone, kikigeuzwa juu chini na kutiwa maji kidogo, kinakuwa mahali pazuri pa kuhesabu viputo. Gurudumu la kubania mrija nililiondoa kabisa, nami namsihi yeyote anayetumia seti hiyo afanye vivyo hivyo: hamira haizimiki, na chupa iliyofungwa njia ikiendelea kuchacha hujaa shinikizo hadi kupasuka.

Baada ya uvujaji kwisha, viputo vilidumu siku sita badala ya tatu. Hapo ndipo mchanganyiko ulipostahili kuchunguzwa. Nilionja tone la maji ya chupa iliyokoma, nikakuta bado ni matamu mno. Sukari haikuwa imekwisha. Hamira ndiyo iliyokufa. Hamira inapokula sukari hutoa hewa ukaa na pombe kwa uzito unaokaribiana, na pombe ikizidi, hamira ya mkate huuawa na kile ilichokitengeneza yenyewe. Nilipunguza sukari hadi gramu 250 kwa lita 1.5 ya maji na kurudisha hamira kwenye robo kijiko cha chai. Kwa hesabu ya kila gramu ya sukari kutoa takriban nusu gramu ya hewa, chupa hiyo ina karibu gramu 125, na ninachotaka ni zitoke polepole. Sukari naiyeyusha kwa maji ya moto, lakini hamira siitii mpaka maji yawe vuguvugu.

Joto lilinisumbua kuliko yote. Chupa ilikaa juu ya kabati kando ya taa za tangi, na katika miezi ya Januari na Februari mahali pale palikuwa kama jiko. Mchana viputo vilitiririka, usiku vilipungua, na mwani ule wa ndevu hustawi hasa pale kiwango cha hewa ukaa kinapopanda na kushuka. Nilihamishia chupa sakafuni, kwenye kivuli, ndani ya ndoo yenye maji hadi nusu ya kimo chake. Maji hupata joto na kupoa taratibu, kwa hiyo chupa haishtuliwi na mabadiliko ya saa. Kisha nikaongeza chupa ya pili, nikaziunganisha kwa kiungo cha njia tatu, na kuzibadilisha kwa zamu kila wiki, ili moja inapochoka nyingine iwe katika nguvu zake. Kila chupa ina vali yake ya njia moja, la sivyo ukiifungua moja hewa ya nyingine inatorokea hapo.

Umuhimu wa vali niliujua kwa uchungu. Vali yangu ya kwanza ilikuwa imechakaa mpira, na usiku mmoja chupa ilipopoa, ilinyonya maji ya tangi. Siku hizi, kila ninapobadilisha chupa, naivua vali na kuipuliza kwa mdomo pande zote mbili.

Ndani ya tangi nimeufikisha mrija kwenye mdomo wa pampu ya kichujio, na mapanga yake huvunja viputo kuwa vumbi jembamba. Mdomo wa kutolea maji nimeuelekeza chini, kwa kuwa uso wa maji ukitibuliwa sana hewa yote hupotea.

Samaki sikuwasahau. Asubuhi moja niliwakuta gapi wangu wote wakihema juu ya maji. Gizani mimea haitumii hewa ukaa, bali huvuta oksijeni kama sisi, na mtambo unaendelea kutoa. Sasa pampu ya hewa huwaka taa zinapozimika na kuzimika taa zinapowaka. Ndani ya tangi nimeweka pia kipimo kidogo cha kioo chenye maji ya ugumu wa kaboneti wa digrii 4 na dawa ya kubadili rangi: buluu maana yake hewa ukaa ni haba, kijani ni karibu miligramu 30 kwa lita, na njano ni hatari kwa samaki. Kipimo hicho huchelewa saa moja au mbili, hivyo sikimbilii kurekebisha kitu asubuhi mapema.

Majani yaliyokwisha kushikwa na mwani hayakupona, niliyakata yote. Jumapili iliyopita nilibadilisha chupa ya kwanza. Kabla ya kazi nilihesabu viputo 34 kwa dakika, na jioni, nilipohesabu tena kabla ya kulala, vilikuwa 36.