Dungu la Ada

Jumapili, Januari, saa tano usiku

Asubuhi ya leo nimesimama nusu saa nzima nikimsubiri mnyama anipishe njia.

Zamu yangu iliisha saa moja. Hapa Anchorage, Alaska, mwezi huu saa moja asubuhi bado ni usiku wa giza, jua halitoki mpaka saa nne, na likishatoka linapita chinichini upeoni kama mdaiwa anayekwepa dukani, saa kumi jioni limeshapotea. Nikafungua mlango wa nyuma, ufunguo wa gari mkononi, nikamkuta musi. Kwa ambao hamjamwona: ni jamii ya kulungu, ila anamzidi farasi urefu, na pua imemning'inia kama soksi iliyolowa. Alikuwa jike na ndama wake, wanatafuna vichaka vya maegesho, katikati kabisa ya mimi na gari langu. Nilipopiga hatua ya pili akalaza masikio nyuma.

Hilo nilifundishwa wiki ya kwanza nilipofika Alaska, kabla hata sijajua kuvaa viatu vya theluji. Watu wa hapa husema musi hujeruhi watu wengi kuliko dubu. Akilaza masikio na manyoya ya shingo yakasimama, rudi ulikotoka, usijifanye mjanja. Nikarudi. Nikasimama nyuma ya kioo na koti langu zito, jasho linanitiririka mgongoni, nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Na kama kawaida yangu siku hizi nikianza kuogopa, nikamkumbuka Ada.

Nimetaka kuandika habari zake tangu Novemba. Nimechoka, lakini leo nisipoandika sitaandika tena.

Ada Blackjack alizaliwa 1898 huku huku Alaska, kijijini karibu na Solomon, Mwinupiati wa kuzaliwa, yaani mmoja wa Wainuiti, wenyeji wa kaskazini huku. Ukisikia hivyo unadhani alikulia kwenye mitumbwi ya ngozi akichoma mkuki sili, yule mnyama wa bahari ya baridi. Wala. Alilelewa na wamisionari wa Kimethodisti mjini Nome, wakamfundisha kusoma Biblia, kupika chakula cha wazungu na kushona. Kuwinda hakufundishwa. Bunduki hakuijua. Dubu weupe alikuwa akiwaogopa toka utotoni, kwa hadithi alizosimuliwa.

Aliolewa, akazaa watoto watatu, wawili wakafa, mume akamwacha. Akabaki na Bennett, mtoto mdogo mwenye kifua kikuu. Wakarudi Nome kwa miguu, zaidi ya kilomita 60, na mtoto akichoka anambeba. Mjini hakuwa na pesa za kumtibu wala kumlisha, ikabidi ampeleke kituo cha yatima. Mama yake Bennett yu hai, Bennett yuko kwa yatima.

Basi mwaka 1921 wakaja vijana wanne wakitafuta fundi wa kushona. Wanakwenda kisiwa cha Wrangel, kaskazini mwa Siberia, kukaa mwaka mmoja ili kisiwa kiwe cha Waingereza. Aliyepanga safari, Vilhjalmur Stefansson, mwenyewe hakwenda. Alikuwa akihubiri kwamba kaskazini ni kwema, kuna nyama tele, mwenye akili hafi njaa. Kwa hiyo wakachukua chakula cha miezi sita tu, kingine watawinda. Mshahara wa Ada dola 50 kwa mwezi. Aliambiwa familia nyingine za Wainuiti nazo zitakwenda. Siku ilipofika hazikutokea. Alikuwa na miaka 23. Akapanda meli peke yake na wanaume wanne na paka mmoja, jina lake Vic.

(Mmoja wa wale wanne, Fred Maurer, alishawahi kukwama kisiwa hicho hicho mwaka 1914, baada ya meli yao kuvunjwa na barafu, na wenzake kadhaa wakafa. Na bado akarudi. Nimemfikiria sana huyu mtu, sijapata jibu.)

Mwaka wa kwanza ulipita. Mwaka wa pili meli ya kuwaletea chakula ilizuiwa na barafu, ikageuza. Wanyama wakaadimika, akiba ikaisha. Januari 1923 watatu wakafunga mbwa kwenye sleji wakaondoka kuvuka bahari iliyoganda waende Siberia kutafuta msaada. Hawakuonekana tena, hata kifungo cha nguo hakikupatikana. Kambini akabaki Ada na Lorne Knight, aliyekuwa tayari anaumwa kiseyeye, hawezi safari.

Hapa ndipo nilipoacha kusoma ile mara ya kwanza, nikaweka simu chini.

Kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa wasiojiweza. Nawageuza, nawaosha, nawalisha, naondoa uchafu. Wengi wao ni watu wema mno. Lakini maumivu yakimzidi mtu yanatafuta pa kutokea, na aliye karibu ni wewe. Nimeshatukanwa kwa rangi yangu, kwa lafudhi yangu, kwa uji kupoa. Nimeshatemewa chai. Unafuta, unabadili shuka, unatoka nje ukumbini unahesabu mpaka kumi kwa Kiswahili, unarudi.

Knight alimtukana Ada miezi yote aliyolala. Alimwambia hamtunzi ipasavyo, akamsema hata kuhusu mume wake aliyemwacha. Mtu huyo ndiye Ada alikuwa akimlisha nyama ya mbweha aliyojifunza kuwatega peke yake, kwa mitego aliyokuwa akiitembelea kwenye upepo ule na kuikuta mitupu siku baada ya siku. Kwenye shajara yake, kwa Kiingereza cha kubahatisha, aliandika kwamba huyu bwana hafikirii ni kazi ngumu kiasi gani kwa mwanamke kushika nafasi ya wanaume wanne: akate kuni, amtafutie chakula, amhudumie kitandani, amtolee kinyesi. Neno la kinyesi kaliandika kavu kavu, kama tunavyolitamka sisi chumba cha wafanyakazi saa kumi alfajiri.

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Miaka mia moja na zaidi, na lalamiko ni lile lile.

Aprili ile ile aliandika kitu kama wosia. Akifa, vitu vyake vyote apewe Bennett, na kuna kipande cheusi cha kumshonea mfuko wa vitabu vya shule. Yuko kwenye hema katikati ya barafu, hajui kama atakula kesho, na amewaza mfuko wa madaftari.

Knight alikufa Juni. Ada hakujua alikata roho saa ngapi. Akaipiga tarehe kwa taipureta waliyoiacha wenzake, ili Bwana Stefansson ajue ni mwezi gani na siku gani. Kumzika hakuweza, ardhi imeganda na yeye mwenyewe amebaki mwili mdogo kama wa mtoto. Akamwacha kitandani ndani ya mfuko wake wa kulalia, akapanga maboksi kumzunguka ili wanyama wasimfikie, akahamia hema la kuwekea vitu. Yeye na Vic.

Sasa dubu.

Dubu mweupe, tofauti na dubu wa huku misituni, halali msimu wote wa baridi. Ni majike wenye mimba tu wanaojichimbia pango la theluji kuzaa, na kisiwa cha Wrangel ni mojawapo ya mahali wanapopenda sana kuzalia. Kwa hiyo Ada alikuwa amekaa mlangoni kwa wenye nyumba. Dubu huyo ananusa mzoga kutoka mbali sana, na kambini hapo palikuwa na ngozi za mbweha, mafuta ya sili, na maiti. Siku moja Ada alimpiga sili risasi, anamfuata amchukue, akaona dubu na mtoto wake wanakuja. Akakimbia hadi hemani. Nyama ya wiki nzima ikaliwa, yeye anatazama.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichoniingia moyoni. Alitengeneza rafu ya kuweka bunduki juu ya kitanda chake, mkono ukinyooshwa tu unaikuta. Kisha akajenga jukwaa la mbao juu ya makazi yake, awe anapanda kuwatazama dubu wakiwa bado mbali.

Makala niliyosoma iliita jukwaa. Sisi Rufiji tuna jina lake. Hilo ni dungu.

Nilikuwa na miaka kumi mwaka 2003. Kwetu mahindi na mpunga vikikaribia kukomaa, familia inahamia shambani kulinda, maana nguruwe mwitu wakiingia usiku mmoja, asubuhi unavuna majani. Unajenga dungu, miti minne mirefu, sakafu ya fito, paa la makuti. Unalala juu, unapiga debe, unapiga kelele. Mwaka ule lakini kulikuwa na simba. Kati ya 2002 na 2004 simba walikula watu wengi Rufiji. Baadaye wataalamu walieleza mambo yalivyokwenda: nguruwe wanafuata mahindi, simba anafuata nguruwe, na mtu naye kalala shambani anamngoja nguruwe. Wakati huo hatukuwa na habari ya wataalamu. Tulijua tu jirani fulani hakurudi, na kwamba chakula cha mwaka mzima kiko shambani, kikiliwa na nguruwe tutakufa vilevile, ila polepole.

Bibi yangu alikwenda. Kila jioni alipanda ngazi ile na debe lake, panga na kibatari. Nilimuuliza kama haogopi. Akanitazama kama niliyeuliza kama maji yanalowesha. “Ningekuwa siogopi ningejenga dungu la nini?”

Kwa hiyo nikisoma watu wa huku wanamwandika Ada kama mwanamke asiyejua hofu, nakereka. Alikuwa na hofu kutoka kichwani hadi miguuni, kaandika mwenyewe. Bunduki aliifunga juu ya kitanda kwa sababu ya hofu, mbao alizibeba juu kwa sababu hiyo hiyo. Wale walioambiwa kaskazini ni kwema hawakujenga dungu lolote. Labda naonea wafu, walikuwa vijana, walipoondoka hata mkubwa wao hajafika miaka thelathini. Lakini ndivyo ninavyoona.

Meli ilimkuta Agosti 1923. Alikuwa amejifunza kulenga, anakula ndege na mayai na sili, ameshatengeneza na boti ya ngozi, na alikuwa amejipiga picha kwa kamera ya wale vijana, amesimama mbele ya kambi yake. Paka naye mzima.

Pesa alizolipwa alimpeleka Bennett Seattle kutibiwa. Magazeti yakamwita shujaa, mwaka uliofuata yakageuka: aliyeongoza meli ya uokozi akaandika kwamba Knight alikufa kwa kutelekezwa. Hapo nilishika kichwa. Sisi wa kazi hii hilo tunalijua, mgonjwa akishafariki anatafutwa aliyekuwa zamu. Waliomtetea walikuwa wazazi wa Knight wenyewe, walizungumza naye wakatangaza hadharani kwamba hana kosa. Wengine walipata fedha kwa kuisimulia safari ile. Ada alirudi kwenye shida zake, kufuga na kutega, mpaka alipofariki 1983 mjini Palmer, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka hapa ninapoandika. Alikuwa na miaka 85.

Amezikwa hapa hapa Anchorage, ubavuni mwa Bennett, makaburi ya katikati ya mji. Nilikwenda Novemba, siku yangu ya mapumziko. Nilifukua theluji kwa mikono kwenye mawe manne matano, sikumpata, vidole vikafa ganzi nikarudi kwenye gari. Kila mahali kulikuwa na nyayo za musi, wanapita humo kama uchochoroni kwao. Nitarudi Mei theluji ikiyeyuka.

Musi wa leo? Alimaliza kichaka, akamlamba ndama, akaondoka taratibu bila hata kunitazama. Gari likagoma kuwaka. Hayo ni masimulizi mengine.

Jioni nilimpigia bibi. Raha ya kuishi hapa miezi hii ni kwamba tumepishana na nyumbani saa 12 kamili, kwa hiyo saa ni ile ile, ila kwao kuna jua. Saa mbili usiku kwangu, saa mbili asubuhi kwake, anakunywa chai. Shikamoo, marahaba, umekula, nimekula. Nikamsimulia habari yote ya Ada, toka mtoto hadi dubu. Anasikiliza, anaguna. Nilipofika kwenye dungu akanikatiza.

“Alikuwa analala juu au chini?”

“Chini, bibi. Juu alikuwa anapanda kutazama tu. Bunduki ndiyo ilikuwa juu ya kitanda.”

Kimya. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe.

“Chini,” akasema. “Na huyo mnyama anapanda?”

Nikamwambia sijui kama anapanda mbao, ila akisimama kwa miguu miwili anafika karibu mita tatu.

“Basi maskini angelirefusha,” bibi akasema, akaniuliza kama hiyo pesa ya dawa ya mafuta ya magoti nimeshaituma.