Bata mzinga wa kupalia, kila mtu na kibakuli chake

Mwanangu wa mwisho alikuwa anapanga kabati, akatoa kibakuli kimoja cha bati, akakigeuza na kuona weusi chini yake. "Mama, hiki kiliungua?" Hakikuungua. Weusi ule ulitoka Ilala kwa mama mdogo, tarehe 26 Desemba, umeme ulipokatika na vibakuli vinane vya makaroni na bata mzinga vimeshajazwa, vinangoja oveni.

Kiporo kilikuwa kizuri. Dume la kienyeji, limechomwa siku ya Krismasi yenyewe, likabakiza nusu kilo ya nyama na mifupa yake yote. Kwa joto la Dar la Desemba nyama haisubiri wageni waondoke: ndani ya saa moja iwe imeshatolewa kwenye mifupa na kuingia kwenye friji. Mifupa tuliichemsha saa mbili kwa moto mdogo, pamoja na kitunguu na punje za pilipili manga. Supu yake ndiyo tuliyochanganya na maziwa nusu kwa nusu, kwa sababu maziwa matupu yanaifunika ladha ya bata.

Wamarekani wana pishi la namna hii waliloliita tetrazzini, kwa jina la mwimbaji wa opera wa Italia, Luisa Tetrazzini: tambi, sosi ya maziwa, uyoga, kuku au bata mzinga, na jibini. Wengi wao hutumia spageti. Kwa vibakuli mimi nachukua makaroni mafupi, gramu 400, maana spageti haigawanyiki sawa; wa kwanza anapata tambi, wa mwisho anapata sosi.

Sosi ndiyo kazi yenyewe. Siagi gramu 75 iyeyuke kwa moto mdogo, utie unga wa ngano gramu 75, ukaange dakika 2 bila kuacha ubadilike rangi. Unga usipokaangwa, ladha ya ubichi inabaki hadi mezani. Kisha maziwa mililita 700, kidogo kidogo, ukikoroga mpaka yalainike kabla ya kuongeza mengine. Ukiyamimina kwa mkupuo, unga unaiva nje na kubaki mkavu ndani, ndiyo yale madonge. Supu mililita 700 inafuata. Ikishachemka na kuanza kuushika mwiko, epua, ndipo utie jibini gramu 100 iliyokwaruzwa. Jibini ikiingia kwenye sosi inayotokota inajikaza na kutoa mafuta, na hapo ukoroge usikoroge haitarudi. Kungumanga kidogo tu. Ndimu sitii kabisa, inakata maziwa. Anayeitaka akamulie mezani.

Uyoga, robo kilo, ukaangwe peke yake kwenye kikaango kipana bila kifuniko mpaka maji yake yaishe. Maji hayo yasipoishia kikaangoni yatatokea ndani ya vibakuli, sosi ikatike.

Sosi ya vipimo hivi inaonekana nyepesi mno, na wengi wanaishia kuongeza unga. Wasiongeze. Makaroni yanaendelea kunywa hata baada ya kuchujwa, ndiyo maana nayaepua dakika 3 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Tena kwenye sinia moja kubwa katikati hubaki na majimaji hata kingo zikikauka, lakini kibakuli cha nusu lita hakina katikati. Joto linafika kote upesi na kukausha kote upesi. Ukikiinamisha kabla ya kuoka, mchanganyiko uteleze. Ukisimama, umeshachelewa.

Mama mdogo hakuvitaka vibakuli tangu mwanzo. "Chakula cha kupimiwa ni cha wodini, mwanangu. Weka kwenye sinia watu wale." Nilimwambia kila mtu anataka gamba la juu, na kwenye sinia wanalipata waliokaa karibu. Hakujibu. Tukajaza, tukaacha upana wa kidole juu ili isifurike, tukanyunyiza jibini gramu 50 na chembe za mkate wa jana zilizochanganywa na siagi. Bila siagi chembe hizo hukauka tu, hazipati rangi. Ndipo feni ikanyamaza na taa ya oveni ikazimika.

Makaroni yalikuwa yanakunywa sosi mbele ya macho yetu. Nilikuwa nimeshaanza kupasha supu iliyobaki niongeze, mama mdogo akatoka uani na sufuria lake kubwa la pilau. Akamwaga mchanga mkavu chini, kina cha vidole viwili, akaliweka kwenye jiko la mkaa na kulifunika mpaka mchanga ukashika moto. Vibakuli vinne viliingia bila kugusana wala kugusa ukuta wa sufuria. Akafunika kwa sinia la bati, akapalia makaa: theluthi moja ya mkaa chini, theluthi mbili juu. Vile vya bati vinastahimili mchanga wa moto. Vya kioo au kauri vikitoka kwenye ubaridi hupasuka. Na kazi hii ni ya uani, penye upepo, kwa sababu moshi wa mkaa usioonekana unaua ndani ya nyumba.

Tulikaa pale juu ya vigoda tukisikiliza. Kwanza kimya, kisha mchemko mdogo kwenye kingo za vibakuli, kisha harufu ya siagi na mkate. Niliponyoosha mkono kwenye sinia akanizuia. "Bado. Ukifunua, joto la juu ndilo linalokimbia." Baada ya dakika kama 25 akalinyanyua mwenyewe kwa koleo na kitambaa. Gamba lilikuwa la kahawia mpaka pembeni, sosi inachomoza kwenye kingo na kutokota polepole, na kijiko kilipoingia makaroni yalitoka bado yana utelezi. Raundi ya pili tuliiongezea supu vijiko viwili kila kibakuli, kwa kuwa vilikuwa vimesubiri.

Yeye anasema utamu ule ni wa mkaa. Mimi nasema ni moto wa juu kuwa karibu na chembe za mkate, na hatujakubaliana mpaka leo. Kwenye oveni naoka kwa nyuzi 200 dakika 20, au 35 vikitoka kwenye friji, nusu ya kwanza vikiwa vimefunikwa kwa foili. Dakika 3 za mwisho navisogeza juu kabisa na kuwasha moto wa juu. Gamba linakuja karibu sana na lile la Ilala, ila kwenye kingo bado linapungukiwa.