Baiskeli ya Babu Iliyoitwa Korea

Jumamosi tulikuwa Muheza tukipanga vitu vya marehemu bibi. Chini ya kitanda kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake kipande cha babu, kadi yake ya kazi ya shamba la mkonge: karatasi ngumu yenye vijisanduku 30. Siku uliyofanya kazi uliwekewa alama, usipoonekana shambani hakuna kitu, na mpaka vyote vijae ndipo ulihesabiwa mshahara. Kwenye hiki vinne viko vitupu. Bibi aliwahi kuniambia ni siku babu alizolala na homa.

Babu alikuwa Mbena wa Njombe. Alikuja Tanga mwaka 1948 kwa lori la waandikishaji, akiwa kijana wa miaka kama 20, akapewa namba. Ndiyo asili ya neno manamba. Watu hulitumia kama tusi, na mimi linaniuma hadi leo.

Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni pia. Mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, enzi za Mjerumani, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kwa uzao wa miche hiyo babu aliamka saa kumi alfajiri, akakata majani, akaondoa miba ya nchani, akafunga mabunda na kuyabeba mpaka kwenye reli ya toroli yapelekwe korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani. Utomvu wake unawasha vibaya. Nikiwa mtoto nilipenda kumshika kiganja. Kilikuwa kigumu kama soli, na kwenye gumba la kushoto kulikuwa na kovu la mwiba ambalo ncha ya kidole changu ilizama ndani yake.

Juni 1950 vita vikaanza Korea. Mataifa makubwa yakagombania kamba, bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge, ikapaa. Nyapara akawaambia: "Huko Korea wanapigana, kateni!" Babu akakata kazi ya watu wawili, na mwaka 1951 akanunua baiskeli ya Raleigh. Akaiita Korea. Kwetu ilikuwa kawaida kusikia "ingiza Korea ndani, mvua inakuja", au "Korea ina pancha".

Miaka ya sitini kamba za plastiki zikaanza kuishusha bei, na baada ya Azimio la Arusha mashamba mengi yakataifishwa. Babu alipopunguzwa kazi hakurudi Njombe. Alibaki na Kibena chake, akiamkia Wabondei "kamwene", akisokota kamba za katani za kuuza gulioni.

Nilikuwa darasa la tano mwalimu alipotundika ramani ya dunia, nikaona Korea imeandikwa pale. Nikakimbia nyumbani.

"Babu, kumbe Korea ni nchi!"

"Ndiyo, mjukuu wangu. Kulikuwa na vita." Akanyamaza. "Mwalimu kasema walikufa wangapi?"

Kesho yake nikamletea jibu: zaidi ya milioni mbili. Babu alikuwa anasokota kamba. Akaiweka chini.